Kadi Nyeusi ya Milan: Uchambuzi wa Kisa cha Olga Kharlan

Tarehe 27 Julai 2023, katika mashindano ya dunia ya mchezo wa vitara, yaani kupambana kwa panga, yaliyofanyika Milan, Italia, Olga Kharlan wa Ukraine alimshinda Anna Smirnova, Mrusi aliyeruhusiwa kushiriki kama mwanamichezo asiyewakilisha nchi, kwa pointi 15 dhidi ya 7. Pointi ya mwisho ilipohesabiwa, Kharlan alinyoosha upanga wake mbele ili uguswe na upanga wa mpinzani, nayo hiyo ndiyo iwe salamu ya kufunga pambano. Smirnova hakuukubali upanga huo, bali alimsogelea ili wapeane mikono. Kharlan aligeuka akaondoka. Smirnova alibaki palepale kwenye pisti, yaani ule ukanda mrefu wa kuchezea, akaketi juu ya kiti na kugoma kuondoka kwa takriban dakika 45. Baadaye uamuzi ulitoka: Kharlan amepewa kadi nyeusi, ambayo ndiyo adhabu kubwa kuliko zote katika mchezo huu, na amefutwa mashindanoni. Aliyeshinda kwa tofauti ya pointi nane alitoka, na pambano lake lililofuata halikuchezwa.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mwanamke jasiri aliyekataa mkono wa adui, na mara nyingine kama hadithi ya mwanamichezo aliyeingiza vita ukumbini. Masimulizi yote mawili yanaishia kwa mtu mmoja, na ndiyo maana yote mawili hayanitoshelezi. Ninavyoona mimi, kadi ile ilikuwa halali kwa maandishi ya kanuni za wakati ule, na hata hivyo haikustahili kutolewa. Njia pekee ya kueleza jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja ni kuwatazama wale walioliacha suala zito kiasi hicho lifike ukumbini bila kuliandalia utaratibu wowote.

Tuanze na safari ya mhusika mwenyewe, kwa sababu uzito wa adhabu hauwezi kupimwa bila kujua ilimkuta wapi. Kharlan alizaliwa Septemba 1990 Mykolaiv, mji wa kusini mwa Ukraine. Silaha yake ni seba. Mchezo wa vitara una silaha tatu, nazo ni foili, epee na seba, na kila moja ina sheria zake. Katika seba, mchezaji hupata pointi kwa kukata au kuchoma sehemu yoyote ya mwili wa mpinzani iliyo juu ya kiuno, kichwa na mikono hadi kwenye vifundo vikiwa ndani yake, na mapigo hupishana kwa kasi ambayo jicho lisilozoea haliwezi kuifuata. Mashine huwasha taa ya mchezaji kila pigo lake linapogusa, na mara kwa mara taa za wachezaji wote wawili huwaka pamoja. Hapo mashine haina la kusema. Mwamuzi ndiye anayeamua nani alikuwa na haki ya kushambulia, na pointi inakwenda kwa huyo. Jambo hili lina uzito katika kisa chetu, nami nitalirudia.

Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, Kharlan alikuwa na umri wa miaka 17 alipoisaidia timu ya Ukraine kutwaa dhahabu baada ya kuwashinda wenyeji China kwa pointi 45 dhidi ya 44. Mtu anayejua mapambano ya timu anajua maana ya tofauti ya pointi moja baada ya raundi tisa. London mwaka 2012 alipata shaba ya mchezaji mmoja mmoja, akimfunga Mariel Zagunis wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki mbili zilizotangulia. Rio mwaka 2016 aliondoka na medali mbili: shaba yake binafsi na fedha ya timu. Ubingwa wa dunia wa mmoja mmoja aliutwaa mara nne, miaka ya 2013, 2014, 2017 na 2019. Tokyo pekee ndiko alikotolewa kwenye pambano lake la kwanza, na kwa mchezaji wa hadhi yake hilo lilikuwa pigo kubwa.

Ndani ya orodha hiyo kuna jambo ambalo wengi waliomhukumu mwaka 2023 walilisahau. Ubingwa wake wa mwaka 2014 aliupata Kazan, ndani ya Urusi, katika mwaka uleule ambao Crimea, rasi ya Ukraine, ilitwaliwa na Urusi. Rio alifungwa na Yana Egorian wa Urusi katika nusu fainali, na timu yake ikafungwa na Urusi katika fainali. Mwaka 2019 huko Budapest alimshinda Sofya Velikaya wa Urusi katika fainali kwa pointi 15 dhidi ya 14. Miaka yote hiyo kanuni ya kupeana mikono ilikuwepo na ilikuwa ya lazima, na Kharlan aliendelea na kazi yake chini ya kanuni hiyo. Kwa hiyo hatuzungumzii mtu mwenye tabia ya kuwadharau wapinzani, wala mgeni asiyejua desturi za mchezo. Kilichobadilika ni kwamba tangu Februari 2022 nchi yake ilikuwa imevamiwa kwa vita kamili, na mji aliozaliwa ulikuwa umepigwa makombora kwa miezi mingi.

Sasa tuitazame kanuni yenyewe. Kabla ya pambano, wachezaji husalimiana kwa upanga, na humsalimu mwamuzi pamoja na watazamaji. Pambano likiisha wanavua barakoa za waya, wanasalimiana tena, kisha wanapeana mikono kwa ule mkono usioshika silaha. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Vitara, FIE, zililitaja tendo hilo kuwa wajibu, na aliyekataa alistahili kadi nyeusi. Makosa mengi katika mchezo huu yana ngazi: kwanza kadi ya njano, ambayo ni onyo, kisha kadi nyekundu, inayompa mpinzani pointi. Kukataa salamu hakukuwa na ngazi. Kulikuwa na kutii au kufukuzwa.

Ukali huo haukuwekwa bure, na ni haki kuueleza. Nimetaja kwamba katika seba maamuzi mengi hutegemea macho ya mtu mmoja. Mchezaji anaweza kupoteza pambano la maisha yake kwa sababu mwamuzi ameona shambulio la mwenzake limeanza kabla ya lake, na tofauti hiyo ikawa ndogo kuliko kufumba na kufumbua. Watu wenye hasira, wenye chuma mkononi, wanahitaji desturi inayowalazimisha kusema kwamba pambano limekwisha na matokeo yamekubaliwa. Ndiyo kazi ya salamu ile. Inamzuia aliyeshindwa asitupe barakoa chini na kuondoka akitukana. Anayeipuuza desturi hii akidhani ni mapambo hajasimama pembeni mwa pisti na kuona wachezaji wakitetemeka kwa ghadhabu.

Lakini kanuni iliyotungwa kwa ajili ya hasira ya mchezo ilikuwa haijafikiriwa kwa ajili ya vita. Kharlan hakuwa akiyapinga matokeo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshinda. Hakuwa na ugomvi na mwamuzi. Alitoa salamu nyingine, tena salamu iliyokuwa na asili ndani ya mchezo wenyewe, kwa sababu wakati wa janga la korona kugusana panga kulichukua nafasi ya kupeana mikono. Alieleza baadaye kwamba aliamini njia hiyo bado ilikubalika, na kwamba kaimu rais wa shirikisho, Emmanuel Katsiadakis, alikuwa amemhakikishia hivyo. Ikiwa hakikisho la namna hiyo linaweza kutolewa kwa mdomo na kufutwa kwa kadi siku hiyohiyo, tatizo haliko kwa aliyeliamini.

Hapa ndipo inapobidi kurudi nyuma miezi michache. Machi 2023, FIE ilipiga kura kuwarejesha wachezaji wa Urusi na Belarus kwenye mashindano yake, kabla hata Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki haijatoa, mwishoni mwa mwezi huo, mapendekezo yake kuhusu wanamichezo wasiowakilisha nchi. Serikali ya Ukraine ilijibu kwa kuzizuia timu zake za taifa kushiriki mashindano ambayo Warusi na Wabelarusi wangekuwemo. Kwa wachezaji wa Ukraine hilo lilikuwa zito mno, kwa maana kipindi cha kukusanya pointi za kufuzu Olimpiki ya Paris kilikuwa kimeanza mapema Aprili, na kila shindano lililokosekana lilikuwa ni pointi zilizopotea. Kisha, mashindano ya Milan yakiwa yanaendelea, zuio lile likalegezwa: Waukraine wakaruhusiwa kupambana na Warusi walioshiriki bila bendera.

Tazama jinsi muda ulivyokuwa mfinyu. Siku moja kabla ya pambano la Kharlan, Igor Reizlin, mshindi wa shaba ya epee katika Olimpiki ya Tokyo, alipangiwa kukutana na Vadim Anokhin wa Urusi. Hakupambana naye, alijitoa, na mashindano yake yakaishia hapo. Siku iliyofuata msimamo ulikuwa umebadilika na Kharlan akapanda kwenye pisti. Wachezaji wawili wa nchi moja, wenye hadhi inayokaribiana, katika ukumbi mmoja, walikutana na masharti mawili tofauti ndani ya saa chache. Mmoja alipoteza nafasi yake bila kushika upanga, na dunia ikamtaja kwa sentensi moja tu. Nakiri kwamba sehemu hii ya kisa ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu Reizlin hakuandikiwa barua na rais yeyote, kama alivyoandikiwa Kharlan baadaye.

Tukiwapima wahusika mmoja mmoja, tunaona kwamba hakuna aliyekuwa na nafasi pana ya kuchagua. Kharlan angeweza kugoma kupambana, kama alivyofanya Reizlin. Angeweza kupambana na kutoa mkono, kisha arudi kwa watu wake akiwa amefanya jambo ambalo wengi miongoni mwao wangeliona kuwa usaliti. Au angeweza kufanya alichofanya. Smirnova naye, hata kama mtu haupendi uamuzi wake wa kukaa kitini, alikuwa akidai kitu kilichoandikwa kwenye kanuni. Hakuzusha sheria. Inawezekana kusema, na mimi nasema, kwamba angeugusa upanga ule na kuondoka, asingepungukiwa na chochote, kwani tayari alikuwa ameshindwa na kadi ya mwenzake isingemrudisha mashindanoni. Lakini mtu hawezi kulaumiwa kwa kosa la kanuni kwa kuwa tu ameitaka itekelezwe.

Waamuzi ndio waliobanwa zaidi. Kanuni haikuwapa kadi ya njano ya kuanzia, haikuwapa nafasi ya kuzingatia mazingira, na haikusema upanga unaweza kuchukua nafasi ya mkono. Mwamuzi wa mchezo si hakimu wa katiba, na kazi yake haimruhusu kuiweka kanuni kando kwa kuwa ameona inaumiza. Ndiyo maana nasema kadi ilikuwa halali. Waliokuwa na uwezo wa kuizuia ni wale waliokuwa na miezi minne, tangu Machi hadi Julai, ya kukaa mezani na kuandika mstari mmoja unaosema kwamba, katika mapambano kati ya Waukraine na wanamichezo wasiowakilisha nchi kutoka Urusi na Belarus, salamu itolewe kwa upanga, kwa mbali. Kila mtu aliyefuata habari za dunia alijua mapambano hayo yangekuja. Ratiba ya mchujo ilikuwa ni suala la muda tu.

Hasara ya kadi ile haikuwa ya heshima pekee. Pointi za mashindano ya dunia huzidishwa kwa 2.5 katika viwango vya FIE, huku zile za Grand Prix, mashindano mengine ya ngazi ya juu, zikizidishwa kwa 1.5. Kufutwa hapo, baada ya msimu ambao tayari Waukraine walikuwa wamekosa mashindano kadhaa, kulikuwa karibu sawa na kufungiwa mlango wa Paris. Zaidi ya hayo, kadi nyeusi ilimwondoa pia kwenye mashindano ya timu yaliyokuwa yanafuata siku chache mbele, kwa hiyo wenzake watatu ambao hawakukataa mkono wa mtu yeyote walikuwa waadhibiwe pamoja naye.

Tarehe 28 Julai, aliyekuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki wakati huo, Thomas Bach, alimwandikia Kharlan barua. Bach ni mtu wa mchezo huuhuu. Alishinda dhahabu ya foili ya timu katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 akiichezea Ujerumani Magharibi. Alimhakikishia kwamba ikiwa hatafuzu kwa pointi, atapewa nafasi ya ziada ya kushiriki Paris. Kamati hiyo pia iliyataka mashirikisho yayashughulikie mapambano ya namna hiyo kwa uangalifu na kwa kujali hali ya Waukraine. FIE nayo iliiondoa adhabu ili Kharlan aweze kucheza na timu yake, kisha ikabadilisha kanuni: kupeana mikono kukaacha kuwa lazima, na salamu ya kwa mbali ikaruhusiwa.

Nilifurahi niliposoma habari hiyo, na bado naona matokeo yalikuwa ya haki. Njia iliyotumika kuyafikia, hata hivyo, haipaswi kupita bila kuchunguzwa. Nafasi ya Olimpiki iliahidiwa kwa barua ya mtu mmoja, nje ya utaratibu wa kufuzu uliochapishwa. Adhabu ilitolewa siku moja na kuondolewa siku iliyofuata, baada ya kelele za dunia nzima. Je, kama aliyekataa mkono angekuwa msichana wa miaka 19 aliyeshika nafasi ya mia moja na kitu duniani, asiye na medali wala jina? Sioni sababu ya kuamini kwamba barua ingeandikwa. Angerudi nyumbani na kadi yake nyeusi, na kanuni ingebaki ilivyokuwa hadi kisa kingine chenye mtu maarufu kitokee. Sisemi hivi kumpunguzia Kharlan chochote. Kinyume chake, umaarufu wake alioujenga kwa miaka kumi na tano ndio uliowafungulia njia wale wasio na majina.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo ni lazima ijibiwe kwa uzito wake. Wapo wanaosema kwamba mkono haukutakiwa kutolewa kwa jeshi wala kwa serikali bali kwa mtu mmoja mwenye upanga, na kwamba mchezo ukianza kuruhusu salamu kuchujwa kwa uraia, kesho watu watakataa kusalimiana kwa dini na kwa rangi. Hofu hiyo si ya kijinga. Lakini inasahau kwamba kupeana mikono na kusalimiana si kitu kimoja. Mtu anaweza kuidai heshima ya salamu kutoka kwa kila mchezaji bila kudai mguso wa ngozi. Kanuni mpya imefanya hivyo hasa: salamu imebaki, mguso umeachiwa hiari. Mchezaji anayegeuza mgongo bila salamu yoyote bado ana makosa, na hilo ni sawa.

Timu ya Ukraine ya seba ya wanawake ilifuzu kwa Olimpiki ya Paris, na nafasi ya timu huja na nafasi tatu za mchezaji mmoja mmoja. Tarehe 29 Julai 2024, ndani ya ukumbi wa Grand Palais jijini Paris, Kharlan alifungwa katika nusu fainali na Mfaransa Sara Balzer kwa pointi 15 dhidi ya 7, matokeo yaleyale ambayo yeye alimfunga nayo Smirnova mwaka mmoja nyuma. Katika pambano la kuwania shaba dhidi ya Choi Se-bin wa Korea Kusini alikuwa nyuma kwa pointi 11 dhidi ya 5. Katika seba, pointi sita ni mlima, kwa sababu mpinzani anahitaji mashambulio manne mazuri tu kumaliza kazi, na mashambulio manne huweza kwisha ndani ya dakika moja. Kharlan alishinda kwa pointi 15 dhidi ya 14, akapiga magoti kwenye pisti huku akilia. Alisema medali hiyo ni ya nchi yake, na ya wanamichezo wa Ukraine ambao hawakuweza kufika Paris kwa kuwa waliuawa na Urusi.

Siku tano baadaye, tarehe 3 Agosti, ilikuwa fainali ya timu, tena dhidi ya Korea Kusini. Kharlan aliingia raundi ya tisa na ya mwisho Ukraine ikiwa nyuma kwa pointi 40 dhidi ya 37. Alipiga pointi nane na kupigwa mbili. Ubao ulisomeka 45 kwa 42, na Ukraine ikapata dhahabu yake ya kwanza ya michezo hiyo. Ilikuwa medali ya sita ya Olimpiki kwa Kharlan, idadi ambayo hakuna mwanamichezo mwingine aliyeiwakilisha Ukraine huru aliyekuwa ameifikia, na dhahabu yake ya pili, miaka 16 baada ya ile ya Beijing.